Si Kila Sahihi ni Sahihi

Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyokuwa imejitenga, aliwaita waandishi wa habari mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, akawaambia kwamba Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitoroka kifungoni wakauawa na wanakijiji. Jina la kijiji hakulitaja. Akasema pia anajua kwamba watu wataishtaki serikali yake kwa mauaji hayo, na kwa watu hao alikuwa na jibu moja: thibitisheni. Serikali hiyo ilikuwa imekwisha kujiandalia hati za kifo, na daktari mmoja Mbelgiji alikuwa ametia sahihi yake chini. Sahihi ilikuwa ya kweli, ya mkono wa daktari wa kweli. Maneno yaliyokuwa juu yake ndiyo yalikuwa uongo, maana watu hao watatu walikuwa wamepigwa risasi tangu usiku wa tarehe 17 Januari, mbele ya mawaziri wa Katanga, Munongo mwenyewe akiwamo, na maofisa Wabelgiji.

Naanza na hati hizo kwa sababu ya jambo linalotendeka hapa Kisangani, chini ya macho yetu sisi watu wa kitivo cha lugha. Tangu jeneza la jino la Lumumba lilipopita katika mji wetu mwezi Juni 2022, hamu ya makaratasi ya zamani imepanda. Watu wanazunguka mitaani wakiuliza nani ana kitu chenye sahihi ya Lumumba. Wengine ni wanafunzi wenye nia njema, wengine ni wachuuzi wanaomtafutia mtu aliye mbali. Wote wanauliza swali lile lile, na mimi nasema swali hilo ni baya. Anayetafuta sahihi anapata wino. Kama tunataka kujua jinsi mtu huyo alivyouawa, na mji huu ulipoteza nini siku hiyo, inatupasa kukusanya karatasi nzima, pamoja na jirani zake ndani ya sanduku, pamoja na mdomo wa yule aliyeitunza.

Makaratasi hayo kuwa hapa si ajabu. Lumumba aliishi Stanleyville kuanzia 1944 hadi 1956, ukitoa vipindi vifupi. Alikuwa karani wa posta, na karani wa posta anatia sahihi mchana kutwa. Alikuwa pia mtu wa vyama: aliongoza chama cha wafanyakazi wa posta, aliongoza mduara wa wale waliokuwa wakiitwa évolués, aliandika magazetini. Kesi yake ya fedha za posta ya 1956 nayo ilizaa faili. Gerezani aliandika kitabu kuhusu Kongo na hatari zilizokuwa mbele yake, na mchapishaji wa Brussels alikaa na mswada huo hadi 1961, mwandishi akiwa amekwisha kufa, ndipo kikatoka. Kisha ikaja Oktoba 1959, mkutano wa MNC na vurugu za tarehe 30, kukamatwa kwake, na hukumu ya miezi 6 mwezi Januari 1960, siku chache kabla ya kutolewa ili aende kwenye meza ya duara kule Brussels. Kila hatua hiyo iliacha karatasi. Zingine zilichomwa au kuzikwa ardhini baada ya tarehe 24 Novemba 1964, wakati kadi ya MNC mfukoni iliweza kumpeleka mtu kaburini. Zingine zilikwenda na mabomu ya siku 6 za Juni 2000, Warwanda na Waganda walipopigania mji usio wao. Zilizobaki zimebaki kwa sababu kuna mtu, mara nyingi mwanamke, aliyezihamisha kutoka nyumba hadi nyumba bila kuulizwa na yeyote.

Mmoja wa wanawake hao anakaa mtaa wetu wa Kapalata. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa posta. Ana sanduku la bati, na ndani yake kuna risiti, barua za ndugu, daftari la deni, kadi ya chama isiyosomeka jina, na barua moja iliyopigwa kwa mashine, ya miaka ya 1950, inayowaita wanachama kwenye mkutano. Chini yake kuna sahihi ya Lumumba, au sahihi inayofanana sana na ile tunayoiona vitabuni. Mnunuzi alikwisha kumfikia kabla yangu. Alikuja na picha ya sahihi hiyo ndani ya simu yake, akailinganisha, akatoa bei kwa dola.

"Anataka ile moja tu," koko aliniambia. "Zingine anasema ni buchafu."

Nikamwomba anionyeshe huo uchafu. Kulikuwa na bahasha kuukuu, tupu, na mgongoni mwake penseli ilikuwa imeandika kwa Kiswahili majina ya watu na franka walizotoa, na juu kabisa neno moja: mapokezi. Haina tarehe, haina mhuri, haina sahihi ya mtu yeyote. Koko anasema marehemu alimwambia kwamba ni michango ya siku zile za mwisho wa 1960, mji ulipokuwa ukimngoja Lumumba arudi. Tunajua kwamba alitoroka nyumba yake ya Léopoldville usiku wa tarehe 27 Novemba, akishika njia ya kuja hapa, na kwamba alikamatwa kule Sankuru mwanzoni mwa Desemba. Hakufika. Sitadai kwamba bahasha ile inathibitisha lolote. Maneno ya koko yanahitaji kupimwa na maneno ya wengine, na majina yale yatafutwe moja moja. Lakini niambieni ninyi wenyewe: kati ya barua ya kuita mkutano na bahasha ile, ipi iko karibu zaidi na kifo cha Lumumba? Ipi inatuonyesha watu waliokuwa wakimngoja wakati wengine wanapanga kumzuia asifike? Mnunuzi angeichukua ile ya kwanza na kuiacha ya pili iliwe na mchwa. Na akishaichukua ile ya kwanza, hata yenyewe inakuwa bubu, kwa maana haitajulikana tena ilitoka kwa nani.

Bei ya sahihi ile haikutoka kwa barua. Barua ya kuita wafanyakazi wa posta mkutanoni haina thamani sokoni. Bei ilitoka kwa risasi za Januari 1961. Hilo lingetosha kutufanya tusite kidogo kabla ya kuingia katika biashara hiyo, hata kwa nia ya kuokoa. Gerard Soete, polisi Mbelgiji aliyefukua miili mitatu na kuiyeyusha kwa asidi, naye alikuwa mkusanyaji: aliweka meno akayatunza kwake miaka na miaka.

Sasa tuangalie nyaraka zenyewe za mauaji, zile zilizokwisha kujulikana, tuone sahihi imetusaidia kiasi gani.

Iko amri ya tarehe 5 Septemba 1960, ambayo Rais Kasavubu alimwondoa Lumumba kazini. Hapo sahihi ilikuwa na uzito wa sheria kabisa, kwa sababu chini ya Sheria ya Msingi sahihi ya mkuu wa nchi peke yake haikutosha. Waziri alipaswa kutia ya kwake pia. Justin Bomboko na Albert Delvaux ndio waliotia. Watu wa sheria wamebishana juu ya sahihi hizo hadi leo, na ni halali wabishane. Lakini karatasi hiyo inahusu kazi, haihusu uhai.

Ukitoka hapo, sahihi zinaanza kupotea. Tarehe 26 Agosti 1960 Allen Dulles, mkuu wa CIA, alituma kwa watu wake wa Léopoldville ujumbe wenye jina lake mwenyewe, akisema kuondolewa kwa Lumumba ni lengo la haraka na la kwanza. Mwezi uliofuata mtaalamu wa sumu, Sidney Gottlieb, aliletwa Léopoldville. Larry Devlin, aliyekuwa mkuu wa CIA katika mji huo, alieleza baadaye kwamba alimuuliza Gottlieb amri imetoka kwa nani, akajibiwa imetoka kwa Rais Eisenhower. Karatasi yenye sahihi ya Eisenhower ya kuamuru hivyo haijapatikana. Na kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilipochapisha uchunguzi wake mwaka 1975, Devlin mwenyewe alitajwa humo kwa jina la bandia, Victor Hedgman. Mwenye kutafuta sahihi afanye nini hapo?

Upande wa Ubelgiji ni hivyo hivyo. Tarehe 6 Oktoba 1960 waziri wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, alituma teleksi akiandika kwamba lengo kuu ni "élimination définitive" ya Lumumba. Tarehe 16 Januari 1961, siku moja kabla ya mauaji, jina lake liko tena juu ya teleksi inayomsihi Tshombe akubali kumpokea Lumumba Katanga bila kuchelewa. Teleksi haina mkono. Ina herufi zilizopigwa na mashine na jina lililopigwa na mashine. Sokoni pengine haiwezi kufikia bei ya barua ya posta ya koko. Hata hivyo ni hiyo, pamoja na makumi ya karatasi nyingine za namna yake, iliyomwezesha Ludo De Witte kuandika kitabu chake cha 1999, na kitabu hicho ndicho kilichoisukuma Ubelgiji kuunda tume ya bunge. Tume ilimaliza mwezi Novemba 2001 ikisema kwamba mawaziri na Wabelgiji wengine walikuwa na dhamana ya kimaadili katika kifo hicho. Februari 2002 Louis Michel, waziri wa mambo ya nje, akaomba radhi. Munongo alisema thibitisheni. Uthibitisho ulipokuja, baada ya miaka 40, ulikuja zaidi kwa karatasi zisizo na wino wa mkono.

Na hapa kuna kazi yetu hasa, sisi ambao mkate wetu ni maneno. Mabishano makubwa juu ya teleksi ya tarehe 6 Oktoba hayakuwa juu ya nani aliandika. Yalikuwa juu ya neno. Wengine walisema "élimination" ni ya kisiasa tu, kumtoa mtu kwenye uwanja wa siasa. De Witte na wengine walilisoma neno hilo pamoja na yaliyolitangulia na yaliyolifuata, wakaona mwili. Neno la Dulles nalo ni ndugu yake: kuondoa. Mtu wa lugha anajua kwamba neno la namna hiyo linachaguliwa makusudi liwe na milango miwili, ili aliyelitamka awe na pa kutokea. Sisi tunalo letu. Hapa mjini ukisema "bamemumaliza", hakuna anayeuliza kama ni kisiasa. Ningependa kuona kazi moja ya mwisho wa masomo katika kitivo chetu inayochukua maneno hayo, kuondoa, kumaliza, kuhamisha, kupeleka, katika Kifaransa cha ofisi na katika Kiswahili cha askari waliolinda gereza, na kuyafuata hatua kwa hatua. Nyaraka zilizochapishwa zinatosha kuanza.

Turudi kwenye neno lililo kichwani mwa makala haya. Katika Kiswahili tunasema sahihi kwa ule mchoro wa jina chini ya barua, na tunasema sahihi kwa jambo lililo kweli. Majirani wa Tanzania na Kenya wanatumia pia saini, na hapa Kisangani utasikia sinyatire, au mtu atakuambia tu "tia mukono". Lakini neno lenye maana mbili ni hilo moja, na limetoka Kiarabu. Wanafunzi wenzetu Waislamu wanalijua kwa njia nyingine: hadithi sahihi. Waulizeni kwa nini hadithi fulani inaitwa sahihi. Hawatawaambia kwamba ina mhuri. Watawaambia kwamba kila mtu aliyeipokea na kuipitisha kwa mwingine anajulikana jina, anajulikana alikuwa mtu wa namna gani, na kwamba aliyetoa na aliyepokea waliweza kweli kukutana. Ni mnyororo wa mikono. Ukikatika pete moja, hadithi inashuka daraja hata kama maneno yake ni matamu.

Huo ndio utaratibu ninaotaka tuushike, na mfano wake mkubwa ulipita hapa kwenye jeneza. Jino la Lumumba halina sahihi. Wenye sheria wa Ubelgiji walisema wazi kwamba hawakulipima kwa DNA, kwa kuwa kipimo kingeliharibu. Tunaliita jino la Lumumba kwa mnyororo: Soete alikiri hadharani kwamba aliyatunza meno, binti yake akalionyesha moja mwaka 2016, polisi wakalichukua, likakaa mikononi mwa sheria, tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa familia mjini Brussels, likapita Sankuru, Kisangani na Katanga, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Mtu akitaka kutia shaka, ajue atie shaka kwenye pete ipi. Barua ya koko ikinunuliwa leo na kutokea kesho kwenye mnada wa ng'ambo, itakuwa na sahihi nzuri na haitakuwa na pete hata moja. Itaandikwa tu kwamba imetoka kwa mtunzaji binafsi.

Nawasikia walimu wawili watatu wakisema: kijana, acha ziende, kule zitahifadhiwa, hapa tuna unyevu, mchwa na vita. Hoja hiyo siidharau. Kama teleksi za 1960 zingewekwa Kisangani, De Witte asingezikuta. Tena mjini hapa tumepata kuona faida ya mkusanyaji mgeni. Benoît Verhaegen, aliyefundisha katika chuo hiki miaka ya 1970, alikuwa amekwisha kukusanya kwa wingi makaratasi ya vyama na ya waasi wa 1964, akayatoa katika vitabu vyake juu ya uasi wa Kongo vilivyochapishwa Brussels mwaka 1966 na 1969. Bila yeye tungekuwa maskini zaidi. Lakini tazameni alivyofanya. Hakukata sahihi. Alichapisha barua nzima, tangazo zima, hata la kamanda mdogo asiyejulikana, akaeleza limeandikwa katika hali gani. Kwa hiyo mfano wa Verhaegen hauwateteI wanaonunua ukurasa mmoja na kuacha sanduku, unawashtaki. Na kuhusu usalama, picha nzuri ya karatasi inaweza kukaa sehemu tatu kwa wakati mmoja. Karatasi haiwezi.

Kuna wengine wanaotaka tuite leta. Ni kweli sheria zipo: ile ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya kulinda mali za utamaduni, na ile ya tarehe 11 Julai 1978 juu ya nyaraka. Sijasikia mtu mtaani kwetu akizitaja. Mimi naogopa kwamba tukimpelekea koko sheria kabla ya kumpelekea msaada, kesho masanduku yote ya Kapalata yatafungwa, na keshokutwa yatauzwa usiku.

Tena kuna jambo linalonikera zaidi katika mbio hizi za sahihi. Sahihi ni ya mtu aliyesoma. Katika Stanleyville ya 1950 watu wengi walitia kidole. Mwenye kukusanya sahihi anakusanya évolués, basi. Wale waliobeba mizigo ya mikutano, wanawake waliopika, vijana waliopeleka ujumbe kwa baiskeli, hao hawamo. Na sisi wa Kapalata tunajua maana ya kufa bila karatasi. Katika kambi ya jeshi ya hapa kwetu, mwaka 1997 na 1998, waliletwa vijana wa Mai-Mai kutoka Kivu kwa mafunzo, na wengi walikufa kwa ugonjwa na njaa. Nani ana orodha yao? Nani alitia sahihi? Tukizoea kuamini kwamba historia inaanzia pale penye jina kubwa na wino, wale hawatakuwa na historia kamwe.

Basi ninapendekeza nini. Kitivo kifungue daftari. Sisemi kituo, sisemi mradi wenye jina refu na kamati ya watu tisa. Nasema daftari, simu mbili zenye kamera nzuri, na wanafunzi wanaokwenda wawili wawili, mmoja awe anajua lugha ya nyumba wanayoingia. Tusichukue karatasi. Tupige picha kila kitu kilichomo sandukuni, mbele na nyuma, kwa mpangilio tulioukuta, pamoja na bahasha, pamoja na risiti. Tumrekodi mwenye sanduku akieleza kwa lugha yake: alipewa na nani, lini, ilifichwa wapi mwaka 1964, ilikuwa wapi mwaka 2000. Tuyaandike maneno yake kama alivyoyasema, tusiyageuze kuwa Kiswahili cha kitabu wala Kifaransa cha ripoti. Koko akisema "buchafu", iandikwe buchafu. Nakala moja ibaki kwake, nakala nyingine maktaba ya kitivo, ya tatu nje ya mji. Na asipotaka jina lake lijulikane, lisijulikane. Mnyororo unaweza kutunzwa katika bahasha iliyofungwa.

Kazi hiyo haitafanywa vizuri zaidi na watu wa historia peke yao. Barua ile ya penseli ina tahajia ya Kingwana cha shule za wamisionari wa wakati ule; kuna herufi zinazoweza kutuambia mwandishi alisomea wapi. Majina mengine ni ya Kilokele, mengine ya Kitetela. Lumumba mwenyewe alisema Kitetela, Kifaransa, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, na aliposema na watu wa posta hakusema nao kama alivyoandika gazetini. Nyaraka zote nilizozitaja hapo juu, amri, ujumbe wa siri, teleksi, hati za kifo, ziliandikwa kwa lugha za Ulaya. Mji uliokuwa ukimngoja ulikuwa ukisema kwa lugha zetu. Upande huo wa kesi haujasikilizwa, na waliobaki wa kuusimulia wana miaka 80 na zaidi.

Kesi yenyewe haijafungwa. Familia ilipeleka mashtaka Brussels mwaka 2011, na mwezi Juni 2025 mwendesha mashtaka aliomba Étienne Davignon, mwanadiplomasia kijana wakati wa matukio yale, afikishwe mahakamani. Sisemi kwamba bahasha ya Kapalata itaitwa kizimbani. Nasema kwamba wakati majaji wanafungua mafaili upande wao, ni aibu sisi kuuza ya kwetu kwa ukurasa.

Limebaki swali la pesa, na sitalikwepa. Nilipomweleza koko haya yote, alinisikiliza vizuri, akauliza: "Na minervali ya mwezi wa tisa, ile picha itailipa?" Hana kosa. Karatasi ni yake, na aliyeitunza miaka hiyo yote ana haki ya kula kutokana nayo. Sina moyo wa kumkataza kuuza. Ninachoomba ni kwamba tufike kabla hajauza. Kwamba kitivo kiwe na kitu kidogo cha kumpa mwenye sanduku kwa saa zake na kwa maneno yake, kama tunavyomlipa mtu anayetufundisha lugha yake. Na kwamba akiuza, auze akijua bei, akiwa na picha ya kila alichokuwa nacho, na barua iende ikiwa na maelezo yake nyuma. Mnunuzi wa kweli hatachukia hayo. Anayechukia atakuwa ametuambia anataka nini.

Koko amekubali sanduku lipigwe picha, lakini kabla ya mvua kubwa, na tusije siku ya Jumapili. Simu ninayo. Natafuta mtu wa pili anayesoma Kilokele.